Kumuuguza Mwenzio Akiwa Kea Homu

Wengi wetu tulioko Uingereza tunazijua nyumba hizi kwa mlango wa nyuma. Tumeingia saa mbili kasoro usiku, sare imekunjwa kwenye mfuko wa dukani. Tumegeuza wazee wa watu, tumewaosha, tumebadilisha mashuka, tukatoka saa mbili asubuhi tunasinzia kwenye basi. Ndilo boksi lenyewe. Mimi nimelibeba miaka kumi na moja. Kwa hiyo Baba Salma alipotolewa hospitali na kupelekwa kea homu, baada ya kiharusi cha pili na dimenshia iliyokuja nacho, nilidhani hakuna nisilolijua. Kumbe nilikuwa sijawahi kukaa kwenye kile kiti cha mgeni pembeni ya kitanda, mikono mapajani, nikimtazama mtu mwingine akifanya kazi yangu juu ya mwili wa mume wangu.

Haya ninayoandika ni kwa mke au mume aliyefikishwa kwenye kiti hicho. Sheria nitakazozitaja ni za England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao, na hasa kwenye malipo zinatofautiana sana.

Ushauri wa kwanza ni mgumu kuliko yote: acha kufanya kazi. Wiki zile za mwanzo nilikuwa nafika na kuanza kutandika kitanda, kupanga kabati, kumwosha uso. Msichana mmoja wa zamu, Mnigeria, akaniambia kwa upole, "Mama, hii tutafanya sisi. Wewe kaa naye." Niliudhika, nikaona kama nafukuzwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba pale ndani kulikuwa na watu ishirini wanaoweza kumbadilishia shuka, na mmoja tu aliyejua kwamba huyu bwana alikuwa fundi wa mitambo ya bandarini Tanga, kwamba hapendi kuguswa kichwani, na kwamba akikaa kimya ghafla huwa anaumwa. Kujua huko ndiyo kazi iliyobaki kwako, na haimalizwi kwa siku moja kwa kujaza fomu.

Nenda saa tofauti tofauti. Ukienda kila siku saa tisa alasiri utaijua nyumba ya saa tisa tu. Nenda siku moja wakati wa kifungua kinywa, siku nyingine jioni jua linapozama, maana wagonjwa wengi wa dimenshia hufadhaika saa hizo, nawe unataka kuona anatulizwa vipi. Epuka ile nusu saa ya kupokezana zamu, kwa kawaida saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Hakuna atakayekuwa na muda wa kukusikiliza. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 ipo kanuni inayozitaka nyumba hizi zimruhusu mkazi kupokea wageni, ila kukiwa na sababu nzito kabisa. Ukiambiwa "leo hatupokei wageni", uliza sababu, na uliza nani kaamua. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Nguo zote andika jina, soksi mpaka kofia. Kuna kalamu za wino usiofutika na vitambaa vya kushonea. Nilidharau, nikaleta kanzu mbili nyeupe bila alama. Moja ilirudi kutoka kufuliwa ikiwa na rangi ya waridi. Ya pili niliiona wiki iliyofuata imevaliwa na mzee wa Kipolandi chumba cha tatu, imemkaa vizuri kweli, naye anafikiri ni nguo ya kulalia. Nilimwachia. Miwani, meno ya bandia na vifaa vya kusikia ndivyo vinavyopotea zaidi, hufichwa ndani ya mashuka na kwenda na maji. Vipige picha, viandikwe kwenye orodha ya mali zake siku ile ile ya kuingia.

Halafu kuna lugha, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu mwenye dimenshia mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani. Baba Salma alikuwa na Kiingereza cha kuombea mkopo benki, lakini baada ya kiharusi kikamtoka, akabaki na Kiswahili, tena Kiswahili cha utotoni. Siku moja nikasoma kwenye daftari la huduma kwamba usiku wa jana alikuwa na fadhaa, anamwita mara kwa mara mtu aitwaye Haja. Muuguzi akaniuliza kwa huruma kama Haja ni dada yake marehemu. Nilicheka, kisha nikalia. Mzee wa watu alikuwa anataka kwenda haja. Alikuwa akiomba kupelekwa chooni kwa heshima aliyofundishwa na mama yake, na kwa sababu hakueleweka alijiharibia, na kwa sababu alijiharibia alifadhaika, na asubuhi walikuwa wanafikiria kumwita daktari aongeze dawa ya kumtuliza.

Jioni ile nilikata kadi ngumu nikaandika maneno kumi na matatu kwa kalamu nene. Upande mmoja neno la Kiswahili lililoandikwa kama Mwingereza atakavyolitamka, upande wa pili maana yake. Maji. Haja, haja ndogo, haja kubwa. Inauma. Baridi. Joto. Njaa. Basi, yaani tosha. Taratibu. Nigeuze. Pole. Asante. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati, si ukutani, asionekane kama mtoto wa chekechea. Ndani ya mwezi kijana mmoja wa Kiromania alikuwa anaingia chumbani na "Shikamoo mzee", na mzee anamjibu "Marahaba" kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia tangu hospitali.

Shirika la Alzheimer's Society hutoa bure kijitabu cha kujaza habari za mgonjwa: alikuwa nani, anapenda nini, kipi kinamtisha. Kijaze. Ila usiandike "anapenda muziki". Andika ni taarabu ya nani, na asipigiwe usiku. Usiandike "Mwislamu" ukaachia hapo. Andika kwamba anatawadhishwa au anatayamamu kabla ya kusali, kwamba anasali amekaa au kwa ishara, kwamba kitanda kielekezwe upande fulani wa dirisha, na kwamba kuoshwa sehemu za siri anataka mwanamume. Ombi hilo la mwisho nyumba nyingi hulitimiza wakiwepo wanaume kwenye zamu; lisipoandikwa hakuna atakayelikumbuka. Ramadhani ikifika, waambie mapema kwamba mgonjwa wa namna hii hafungi, maana mfanyakazi mwema asiyejua anaweza kumnyima chai akidhani anamheshimu.

Sasa mwili. Hapa ule ujuzi wa boksi una faida, ila utumie kwa macho.

Ngozi yetu haionyeshi wekundu. Vitabu vingi vya mafunzo vinasema kidonda cha kulalia huanza na doa jekundu, na wafanyakazi wengi wamefundishwa kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo huwa rangi iliyokolea kuliko jirani yake, au zambarau, au halionekani kabisa. Unalijua kwa kugusa. Sehemu inakuwa na joto au ubaridi kuliko pembeni, inakuwa ngumu, au laini kama embe lililoiva mno, na yeye anashtuka ukiibonyeza. Visigino, mfupa wa mkia, nyonga, viwiko, nyuma ya masikio kwa anayevaa mpira wa oksijeni. Mwombe muuguzi mkague pamoja mara moja kwa wiki, na aandike rangi na joto, siyo neno "sawa". Kama amepangiwa kugeuzwa kila baada ya saa kadhaa, kuna karatasi ya kuandika kila anapogeuzwa. Unaruhusiwa kuiomba uione. Mafuta ya kupaka leta mwenyewe, andika jina lake. Ngozi inayopauka hukwaruzika, na vichupa vidogo wanavyovitumia havitoshi mguu mmoja wa mtu mzima.

Mume wangu kiharusi kilimwachia shida ya kutoutambua upande wa kushoto. Siyo kwamba jicho limekufa, ubongo hauuhesabu. Nusu ya sahani kwake haipo. Nilikuta mara tatu kikombe kimejaa, kimewekwa mezani upande wa kushoto, na midomo yake imekauka. Kwenye daftari imeandikwa "amepewa maji". Kweli, alipewa. Aliyeandika hakusema uwongo. Nilimwomba muuguzi aandike kwenye mpango wa huduma: kikombe kiwe upande wa kulia, ashikishwe mkononi, na kiandikwe alichokunywa, si alichopewa. Kama mwenzio amepata kiharusi, angalia kikombe kabla hujaangalia kitu kingine chochote. Na akichanganyikiwa ghafla kuliko jana, usikubali haraka kwamba "ndiyo ugonjwa unaendelea". Uliza mkojo, uliza choo kikubwa kapata lini, uliza kama anakunywa. Maambukizi, kufunga choo na kiu humchanganya mzee ndani ya siku moja, na vyote vinatibika.

Kulisha ndiko tunakokosea sisi wenyewe. Tunaona nyumba haimpi chakula cha maana, tunabeba hotipoti. Ikiwa anapata shida ya kumeza, mtaalamu wa usemi na umezaji atakuwa amempima na kumpa kiwango, kati ya 0 na 7. Vinywaji ni 0 mpaka 4, vyakula ni 3 mpaka 7. Baba Salma yuko 4: chakula kilichosagwa laini kisicho na punje wala nyuzi, kinachokaa kwenye kijiko bila kumwagika na kutoka bila kunata. Hivyo wali wake wa nazi, alioula karibu kila siku ya ndoa yetu, basi tena. Punje za wali zinatawanyika mdomoni na kuteremkia mapafuni. Ugali mkavu unanata. Mandazi usithubutu. Kinachowezekana ni kuleta ladha: mchuzi wa nazi uliochujwa, nikauchanganya na viazi vilivyopondwa laini baada ya kumwonyesha muuguzi. Uji pia, lakini uzito wake upimwe, maana uji hulegea ukikaa mdomoni na mate. Mlishe akiwa ameketi wima, kijiko kidogo, subiri ameze, kisha kagua shavu la upande uliopooza. Chakula hujificha humo. Mwache wima nusu saa nzima. Na lile kopo la unga wa kuongezea uzito vinywaji lisiachwe karibu naye. Akiubwia mkavu unaweza kumziba koo.

Karatasi

Watu wetu wengi wanaamini kwamba mke halali ana neno la mwisho. Hapa sivyo. Kuandikwa kuwa ndugu wa karibu hakukupi mamlaka ya kuamua matibabu yake wala kugusa akaunti iliyo kwa jina lake peke yake. Mamlaka hayo hutoka kwenye hati iitwayo Lasting Power of Attorney, na ziko mbili: moja ya afya na huduma, nyingine ya mali na fedha. Lazima aiandike yeye akiwa bado anaelewa anachoandika, ishuhudiwe, kisha isajiliwe na Office of the Public Guardian. Ikiwa mwenzio ameanza kuugua lakini akili bado imo, weka gazeti hili chini ukashughulikie hilo kwanza. Sisi tulichelewa. Tulikuwa tunasema tutafanya tukirudi kutoka nyumbani Desemba.

Ukichelewa, hujafungiwa mlango wote. Sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inawataka madaktari na nyumba waamue kwa maslahi yake, na wakushauri wewe unayemjua. Pensheni yake ya serikali unaweza kuomba kuisimamia kwa niaba yake. Ni utaratibu mwepesi wa idara ya DWP. Fedha kubwa zaidi na nyumba huenda mpaka Court of Protection, ambako ni ghali na polepole.

Itakuja pia barua yenye neno la kutisha, kwamba mumeo "ananyimwa uhuru". Niliposoma nilidhani kafanya kosa. Maana yake ni kwamba hawezi kuamua mwenyewe, anaangaliwa muda wote, hawezi kutoka peke yake, na kwa hiyo sheria inataka mtu wa nje aje athibitishe kwamba ulinzi huo ni wa lazima. Usigombane nayo. Omba uteuliwe wewe kuwa mwakilishi wake katika jambo hilo. Inakupa haki ya kuona karatasi na kupinga masharti usiyoyaona sawa.

Fedha

Nitasema yale ambayo watu huogopa kuuliza. Kwenye kupimwa uwezo wa kulipa, halmashauri inaangalia mali ya mgonjwa, haiangalii yako. Akiwa na zaidi ya pauni 23,250 analipa mwenyewe; akiwa chini ya 14,250 akiba yake haihesabiwi, ingawa kipato chake kitachukuliwa na kuachiwa pauni 30 na ushee kwa wiki za matumizi. Akaunti ya pamoja huhesabiwa nusu kwa nusu. Nyumba mnayoimiliki haihesabiwi maadamu wewe mwenzi wake unaishi humo, kwa hiyo puuza maneno ya kwenye harusi na misiba kwamba "watakuuzia nyumba". Akiwa na pensheni ya kazini anaweza kukupitishia nusu yake, na nusu hiyo isiguswe. Kama mlikuwa watu wazima wawili tu, mwombe ofisa wa kodi ya halmashauri akupunguzie robo, maana sasa kwa hesabu yao unaishi peke yako. Inauma kuijaza fomu hiyo. Ijaze.

Nyumba ikikuambia kiwango cha halmashauri hakitoshi na uongezee kutoka mfukoni, jua kwamba nyongeza hiyo ni hiari, na halmashauri inapaswa kukuonyesha angalau nafasi moja inayofaa isiyohitaji nyongeza. Na akiwa anapokea posho ya Attendance Allowance huku halmashauri inamlipia, posho hiyo husimama baada ya siku 28. Toa taarifa mwenyewe, la sivyo utaandikiwa deni.

Halafu ipo njia ambayo hospitali hawaitangazi. Ikiwa shida yake kubwa ni ya kiafya, NHS inaweza kubeba gharama yote, bila kujali akiba. Inaitwa NHS Continuing Healthcare. Hakuna ugonjwa unaokupa moja kwa moja wala unaokunyima. Kinachopimwa ni ukubwa na ugumu wa mahitaji yake. Huanza na fomu fupi ya kuchuja, na wewe una haki ya kuomba ijazwe. Kwenye kikao cha tathmini uwepo, na daftari lako. Watakuambia ngozi yake nzima, haina kidonda, kwa hiyo hitaji ni dogo. Jibu: ni nzima kwa sababu anageuzwa usiku na mchana na amelala kwenye godoro la hewa. Mwongozo wa taifa wenyewe unasema hitaji linalosimamiwa vizuri bado ni hitaji. Kwa anayedhoofika haraka kuelekea mwisho, ipo njia ya mkato ambayo daktari au muuguzi anaweza kuianzisha bila kusubiri hayo yote.

Kulalamika bila kumchoma mtu

Nimekuwa upande wa pili, najua mgeni akipiga kelele kwenye korido nani anaumia: wale wa zamu, ambao pengine wako wawili kwa wakazi kumi na wanne. Lakini najua pia kwamba mke asiyesema kitu husahauliwa. Taja jambo, saa, na unachotaka. "Jana saa kumi na moja nilimkuta amelowa mpaka mgongoni. Naomba akaguliwe saa tisa na saa kumi na moja." Kwanza kwa muuguzi wa zamu. Likirudi, kwa meneja, kwa maandishi, ubaki na nakala. Likiendelea, kwa halmashauri kama ndiyo inayolipa, kisha kwa Local Government and Social Care Ombudsman, ambako hulipi kitu. CQC, wakaguzi wa nyumba hizi, wapashe habari pia, ila hawaamui kesi ya mtu mmoja. Na ukiona michubuko isiyoelezeka, au akijikunyata mfanyakazi fulani akiingia, ruka ngazi zote hizo: piga simu halmashauri, kitengo cha ulinzi wa watu wazima, siku hiyo hiyo.

Sifa nazo ziandike. Nilimwandikia meneja juu ya yule kijana wa shikamoo. Karatasi ile ilibandikwa chumba cha wafanyakazi miezi mitatu.

Simu kutoka nyumbani

Itapigwa tu. Wifi yangu mkubwa alinipigia kutoka Tanga wiki ya pili, hata salamu hazijakamilika. "Wifi, ndiyo umemtupa kaka yangu kwa Wazungu?" Nilikuwa na majibu mengi machungu. Nilimwambia tu, "Wifi, nakuomba kesho saa nne asubuhi ukae karibu na simu." Nikapiga kwa video wakati anaondolewa kitandani: watu wawili, kombeo chini ya mgongo, ile winchi ya umeme inamnyanyua polepole hewani, yeye ameshika kidole cha Mnigeria kama mtoto, halafu anashushwa kwenye kiti. Dakika kumi na mbili. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwanza, na hakuwa uchi. Wifi alinyamaza muda mrefu. Akauliza, "Na wewe nyumbani ungekuwa na nani?" Sikujibu. Akasema, "Basi wifi. Mungu akutie nguvu." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewajibu wengine.

Si kila ndugu ataelewa, na hulazimiki kumwelewesha kila mmoja. Chagua mmoja mwenye sauti katika ukoo, mpe habari za kweli, yeye azisambaze. Watoto wakubwa wagawie kazi yenye jina: mmoja karatasi, mmoja Jumapili, mmoja nywele na kucha za baba. Mtoto aliyeambiwa "njoo ukipata nafasi" hapati nafasi.

Na wewe? Mwambie daktari wako akuandike kwenye jalada kuwa ni mlezi; huenda ukapata chanjo ya mafua bure na mtu wa kukuuliza presha. Chagua siku moja kwa wiki ya kutokwenda, na uitangaze kwa nyumba ili usiivunje kwa hatia. Yangu ni Jumatano. Mwaka wa kwanza nilikaa Jumatano hiyo nikitazama simu; sasa naenda kwa shoga yangu tunasuka ukili. Nilipika kwa watu wawili miezi sita, nikawa namwaga, mpaka nikanunua sufuria ndogo. Kitandani bado nalala upande wangu.

Jambo moja hakuna anayelisema: ninyi bado ni mke na mume. Unaweza kuomba mlango ufungwe na watu wabishe hodi. Unaweza kupanda kitandani ukalala ubavuni mwake, kitanda kikiruhusu, uulize tu namna ya kutoumiza mkono uliopooza. Atakuja kukuita kwa jina la dada yake au la mama yake. Itikia. Siku nyingine atakuita kwa jina lako la usichana ambalo hata watoto hawalijui.

Yazungumze ya mwisho mapema, ukiwa hujachoka. Daktari ataleta fomu ya kutomfufua moyo ukisimama. Uliza inahusu nini na haihusu nini, maana haimaanishi kuachwa bila dawa. Uliza kama dawa za akiba za maumivu na pumzi nzito zitawekwa pale pale kea homu ili asikimbizwe hospitali usiku. Kama mtazika haraka, waambie meneja na zahanati sasa hivi. Tangu tarehe 9 Septemba 2024 kila kifo huku hupitiwa na daktari mkaguzi au koroner kabla ya kusajiliwa, na wikendi hiyo huchelewesha. Uliza halmashauri kama wana msajili wa zamu kwa maziko ya haraka. Kama anarudishwa kuzikwa nyumbani, koroner lazima apewe taarifa kabla mwili haujatoka nchini. Andika haya yote kwenye karatasi moja, ibaki kwenye faili lake na nakala kwa msikiti au kanisa lenu.

Mwisho, kuondoka. Hili hawakufundishi hospitali wala halmashauri. Ukisema "Naenda nyumbani", naye atataka kuinuka. Baba Salma alishawahi kujiburuta mpaka ukingoni mwa kitanda. Ondoka chakula kinapoingia, au mfanyakazi anapokuja kumbadilisha, awepo mtu mwingine machoni mwake. Usivae koti mbele yake. Livalie kwenye korido. Usiage mara tatu. Acha kitu chako: mimi humfunika miguu kwa kanga niliyoivaa siku hiyo, kesho naleta nyingine na kuichukua ile kwenda kuifua. Kuhusu kusema uwongo nilihangaika sana, nikamuuliza mpaka shekhe. Sasa nasema neno ambalo ni kweli kwangu na linamtosha yeye.

"Naenda kuinjika wali."

Hunitazama, upande wake wa kulia, ambako sasa nimejifunza kusimama. "Usisahau nazi," hunijibu, kisha hugeukia kijiko.